Ngumi Iliyoacha Kulia

Qiaotou, karakana ya magurudumu ya Mwalimu Mi
Mwezi wa tisa, siku ya nne, mwaka wa kumi na nne wa Jamhuri

Baba Mdogo Yintang,

Shikamoo. Anayekuandikia ni mwanao Suozhu, mtu hatari kuliko wote kuanzia mtoni mpaka kwenye reli. Juzi nilirusha ngumi hewani, napasha mwili tu, nyumbu watatu waliokuwa wanapita barabarani wakaanza kurudi nyuma. Wawili wamepona. Wa tatu mpaka leo anakwenda kinyumenyume, na mwenyewe ameamua kumfunga mkokoteni upande wa kichwa.

Baba hajambo? Nyonga bado inamnyima usingizi? Mwambie asiinuke kuanika kunazi, wewe upo, mikono yako si ya maonyesho. Paka wetu amezaa? Hapa sote wazima. Mke wa Mwalimu anatupikia uji wa mtama mzito hata kijiko kinasimama chenyewe.

Sasa yangu. Unakumbuka mwaka juzi nilipoondoka ulisema nitarudi kabla theluji haijaanguka. Haya. Miezi minane ya kwanza ya mafunzo ya ngumi nilisimama. Nasema nilisimama, Baba Mdogo! Mguu mmoja mbele, mkono mmoja mbele, uzito wote nyuma, kama mtu anayemsukuma mkwewe kwa heshima. Mwalimu anapita na spoki ya gurudumu. "Goti!" Paa! "Bega!" Paa! Nilikuwa na madoa ya buluu kama yai la bata. Ndipo akanipa ngumi ya shoka, inayoshuka. Kisha ya kuchimba, inayopanda. Sasa nina ya mshale, inayokwenda moja kwa moja tumboni mwa mtu bila kubisha hodi.

Anayenilisha ni Kaka Shuanglin, mkubwa wa wanafunzi. Wewe unajua kulisha ni nini, ulipita humu humu: mkubwa anatoa mwili wake, mdogo anajifunza juu yake. Anafungua koti, anaweka mikono mgongoni, ananiambia, "Karibu mezani." Nikimpiga vibaya anauliza, "Wewe, umepiga au umeniuliza njia?" Nikimpiga vizuri inalia PAA, mpaka njiwa wanatoka darini, naye anapangusa tumbo, "Hiyo nimeisikia, ongeza chumvi."

Wiki iliyopita wachunga nyumbu wawili walimtukana Mwalimu kwa sababu ya ekseli. Mmoja nilimpa shoka la uso. Pua ililala shavuni kama imechoka. Wa pili alichomoa kisu cha kukatia ngozi; nikamkunja mkono mpaka mfupa ukatoka kuangalia hali ya hewa. Mwalimu alinichapa spoki kumi na mbili kwa kuvunja watu mbele ya wateja. Lakini mkono wake wa kunichapa ulikuwa wa furaha, nakuapia.

Tarehe ishirini na nane ya mwezi wa tatu ni gulio la hekalu. Bian, yule askari wa chumvi, atapanda jukwaani kama kila mwaka na kuita yeyote apigane naye. Mwalimu hupeleka mwanafunzi mmoja tu. Nitakuwa mimi. Nilikuwa juu ya paa siku ile, Baba Mdogo, nilimwona akimtoa Baba kwenye sufuria ya chumvi kwa nywele, akamlaza, akapanda nyongani na viatu vyake viwili vya askari wa chumvi, akaruka. Akaruka tena. Kwa ajili ya chumvi ya udongo tuliyochemsha bila kulipa kodi, kikapu kimoja! Nitamrukia na mimi, watu wahesabu.

Mwanao,
Suozhu Mtisha Nyumbu


Zaolin
Mwezi wa kumi, siku ya pili

Suozhu,

Marahaba. Baba yako hajambo, amekusikia ukisomwa na amecheka kwenye nyumbu, halafu kwenye Bian akageukia ukutani. Paka amezaa wanne. Kunazi tumeanika magunia sita. Mikono yangu haijawahi kuwa ya maonyesho, na mwandiko wako ni wa kuku aliyelewa: "mshale" wako nimeukodolea macho mara mbili ndipo ukasomeka.

Unavunja watu mifupa na kuniletea kama habari njema. Mwalimu wako na mimi tulisimama uwanja mmoja, kwa mwalimu mmoja. Najua mkono wake unavyochapa, na haukuwa na furaha.

Nakuuliza jambo moja, unijibu bila mbwembwe. Ngumi yako bado inalia? Nguvu ya kwanza ni ile inayosikika: inapiga ngozi, inaishia kwenye ngozi, mtu anaumia leo na kupona kesho. Siku moja itaacha kulia. Utadhani umedhoofika. Hujadhoofika, imeanza kupita ndani, na wewe mwenyewe hujui inakwenda mpaka wapi, wala unayempiga hajui. Ndiyo maana ipo sheria: siku hiyo hiyo unamwambia Mwalimu. Anakurudisha kusimama siku mia mbili bila kugusa mtu, mpaka ujue kuipima.

Mimi niliacha mafunzo mwaka wangu wa tatu. Usiniulize.

Bian yupo, anakula vizuri.

Baba yako Mdogo,
Yintang


Qiaotou
Mwezi wa kumi na moja, siku ya ishirini

Baba Mdogo,

Shikamoo, na shikamoo ya Baba, na salamu kwa paka na wanawe wanne. Mto umeganda, punda wanavuka juu yake kama wazee wanaotoka chooni. Mke wa Mwalimu amenishonea viatu vya soli nene, tabaka tisa za kitambaa.

Umeuliza. Inalia! Inalia mpaka mbwa wa mtaa wa pili wanaitikia. Usiwe na wasiwasi wowote.

Ila kuna jamaa mmoja hapa. Si mimi. Ni jamaa tu, mrefu mrefu, humjui. Yeye ngumi yake imenyamaza tangu kama siku kumi. Anapiga, na ni kama anaweka mkono kwenye unga. Anaona aibu. Sasa anauliza, je, hizo siku mia mbili ni lazima zote? Maana akihesabu kwa vidole, na vya miguu, na vya jirani, gulio la hekalu linapita yeye bado amesimama kama mlingoti. Haziwezi kupunguzwa kwa mtu mwenye kipaji? Anauliza tu. Mimi sina shida hiyo.

Habari za damu. Bucha wa hapa ana wapwa watatu wanaojidai. Walinizingira nyuma ya hekalu, mmoja ana ndoano ya kuning'inizia nyama. "We mchonga magurudumu, tukuning'inize?" Nikamwambia, "Ning'inize, lakini niuze bei ya juu." Ndoano ilinichana hapa chini ya kwapa, damu mpaka kwenye kiatu kipya. Nikampiga wa ndoano kidevuni kwa ile ya kuchimba, akajing'ata ulimi, kipande kikaanguka kwenye theluji. Kidogo tu, kama ukucha. Mbwa akala. Wa pili nilimgongesha kwenye simba wa jiwe wa mlangoni, simba akabaki na meno yote, yeye hapana. Wa tatu akaanza kunisalimia kwa adabu.

Kaka Shuanglin alinifunga jeraha, akaniambia, "Mdogo wangu, ukiendelea hivi hutapata mke, utapata kesi." Anaoa mwezi wa nne. Binti wa mtengeneza mafuta. Tumbo lote nililompiga miaka miwili huyo binti ndiye atakayelilalia, nimemwambia anishukuru kwa kulilainisha. Alinikimbiza na ufagio.

Jibu upesi kuhusu yule jamaa.

Suozhu


Zaolin
Mwezi wa kumi na mbili, siku ya kumi na tano

Suozhu,

Salamu za baridi. Baba yako alikohoa wiki nzima, sasa nafuu. Watoto wawili wa paka wamekufa kwa baridi.

Mwambie huyo jamaa mrefu mrefu, ambaye kimo chake nakijua kwa sababu nilimkatia suruali yake ya kwanza, aende kwa Mwalimu leo. Hata kama anasoma barua hii usiku, amwamshe. Siku mia mbili hazipunguzwi. Gulio la hekalu lipo kila mwaka. Bian haendi popote.

Mpaka atakapokwenda, asimguse anayemlisha. Asimguse hata kwa mzaha. Mtu anayekulisha amekupa mwili wake akiamini masikio yake: akisikia mlio anajua ni kiasi gani kimeingia. Ukimnyima mlio umemfumba macho.

Nasikia wanajeshi wamekamata magari ya moshi na mifuko ya posta inalala stesheni. Natuma hivyo hivyo.

Yintang


Qiaotou
Mwezi wa kwanza, siku ya kumi na nane, mwaka wa kumi na tano

Baba Mdogo,

Heri ya mwaka mpya! Shikamoo mara mia, na Baba pia, mbele yenu nimepiga goti kwenye sakafu ya karakana, uliza vumbi la mbao. Tumekula maandazi ya nyama mpaka Shuanglin akalegeza mkanda mara mbili. Mke wa Mwalimu alinipa soksi.

Barua yako haijaja. Miezi miwili sasa. Nimefikiri sana, nikaona kwamba kama ingekuwa jambo la hatari ungekuja mwenyewe kwa miguu. Kwa hiyo yule jamaa amechukua kimya chako kama ruhusa. Amejipanga vizuri, usihofu. Anapopiga anakanyaga chini kwa nguvu, na soli zake ni nene, PAA, na mkono wa nyuma anaupiga pajani kidogo. Ukiwa mbali huwezi kujua ni mguu au ni ngumi. Na anapiga polepole, kwa upole, kama anafunga mlango mtoto amelala. Ni akili, si kila mtu angeigundua.

Shuanglin alisema siku moja, "Mbona unakanyaga kama punda kwenye kinu? Unatafuta nini huko chini?" Jamaa akamjibu, "Natafuta heshima uliyoangusha." Wakacheka wote, ikaisha.

Mwalimu amesema mwezi wa pili ataketi kwenye kiti na kutazama kila mmoja wetu akipiga, halafu atamtaja wa jukwaani. Tumebaki wawili, mimi na mtoto wa mfua vyuma. Mtoto wa mfua vyuma ana mabega lakini hana shingo, kichwa kimewekwa juu kama boga kwenye ukuta. Jumanne alinitukania Baba, akasema, "Kilema wa chumvi amezaa nini?" Nilimvunja vidole viwili kwa kuvikunja tu, kimoja kimoja, nikimuuliza jina la Baba yangu ni nani. Kwenye cha pili alilikumbuka lote, na la ukoo.

Mwambie Baba anywe supu ya tangawizi. Mwambie siku zimebaki sabini.

Suozhu


Zaolin
Mwezi wa kwanza, siku ya ishirini na tano

Mwanangu Suozhu,

Sina salamu ndefu. Nampa barua hii mfanyabiashara wa kunazi, yeye anapita barabara ya punda, ataifikisha. Ya mwezi wa kumi na mbili sijui kama umeipata. Yako ya mwaka mpya imenifikia leo kwa mkono wa dereva wa mkokoteni, na nimeisoma peke yangu. Baba yako sijamsomea.

Acha leo. Usingoje kumaliza uji.

Nilikuficha mambo mawili. La kwanza: Bian hawezi kupanda jukwaani. Mwezi wa kumi na moja farasi wake alivunja barafu, akamwangukia kwenye mto. Mgongo umekatika, miguu imekufa. Analishwa na mama yake kwa kijiko. Nilijua siku ile ile. Sikukuandikia kwa sababu wanajeshi wanapita huku wakichukua vijana wa umri wako, nikaona afadhali hasira ikuweke huko kwa Mwalimu kuliko urudi wakufunge kamba. Nilipoandika "haendi popote" nilijisifu kwamba sijasema uongo. Nilikosea, ni mimi niliyekupa sababu ya kuharakisha.

La pili: aliyekuwa akinilisha mimi hakuiona masika. Alikula chakula cha mchana, akanicheka, akalala. Mwalimu wako alikuwepo. Ndiyo maana anachapa vile.

Hakuna jukwaa, hakuna Bian. Nenda kwa Mwalimu sasa hivi.

Baba yako Mdogo


Qiaotou
Mwezi wa pili, siku ya kumi na tisa

Baba Mdogo,

Shikamoo. Mpe Baba salamu. Barua zako mbili zimefika siku moja, ya posta na ya mfanyabiashara wa kunazi, tarehe kumi na moja. Nilizikuta mezani tuliporudi kumzika Kaka Shuanglin.

Naandika taratibu, usicheke mwandiko.

Tarehe sita Mwalimu alitoa kiti uani akaketi. Mtoto wa mfua vyuma alipiga kwanza, kwa mkono wenye vidole vizima, na ikalia vizuri. Mwalimu akasema, "Mm." Kisha mimi. Shuanglin akafungua koti, akaweka mikono mgongoni. "Karibu mezani," akasema, "mgeni wa heshima, kula kwa adabu." Niliona Mwalimu ananiangalia mkono, haangalii mguu. Nikajua nikipiga kwa upole ataona upole, na nikikataa atauliza kwa nini. Nikampiga kwa yote niliyo nayo, hapa, chini ya mbavu za kulia. Nikakanyaga.

Shuanglin hakusogea hata hatua. Alikunja uso kama mtu aliyesahau jina. Akasema, "Wewe, hujala leo? Hii haijafika." Mwalimu akasema, "Mm." Akanitaja mimi.

Mchana Shuanglin alikula bakuli mbili za tambi, akagombania ya tatu. Jioni akasema amechoka. Tarehe saba mkojo wake ulikuwa mweusi kama chai iliyolala. Tarehe nane tumbo lilivimba likawa gumu kama ngoma, ukiligusa anapiga kelele ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu, na mimi nimesikia watu wengi wakipiga kelele, unajua. Alitapika damu ya mapande kwenye ile soksi niliyompa aing'ate kwa meno. Mganga alimchoma sindano kumi na moja, akakunja mkoba wake bila kunywa chai.

Usiku wa tarehe tisa nilibaki naye peke yangu. Akaniita, "Punda wa kinu." Nikasema, "Naam, Kaka." Akasema, "Ulikuwa mguu, sivyo? Muda wote ulikuwa mguu." Nikamvutia blanketi. Akasema, "Tangu lini?" Nikamwambia lala. Akaniambia, "Mwambie yule binti wa mafuta nimekula kitu kibaya." Asubuhi alikuwa amekufa, macho yakiwa wazi.

Mwalimu aliniita karakana. Hakushika spoki. Akaniuliza, "Tarehe sita, ililia?" Nikasema, "Ililia, Mwalimu." Akanitazama. Akasema, "Basi ni ini lake. Alizoea pombe ya mtama." Ndivyo walivyowaambia watu wa binti. Mama yake Shuanglin alinishika mikono hii miwili makaburini, akanishukuru kwa kukesha na mwanawe.

Umeandika kwamba ni wewe uliyenipa sababu. Nimelisoma mara nyingi, nikitaka liwe kweli. Nikataka pia kusema barua ilichelewa, wanajeshi, reli. Ningekuandikia hivyo na ungeniamini, maana hukuona.

Lakini kuna jambo sikukuandikia mwezi wa kwanza. Tarehe ishirini na tatu ya mwezi wa kumi na mbili, bucha alikuwa na nguruwe wa sikukuu kwenye zizi lake. Nilikwenda alfajiri, kabla hawajaamka. Nikampiga mara moja tu, hapo hapo, chini ya mbavu, kwa ngumi iliyonyamaza. Hakulia. Alinitazama akaendelea kula makapi. Nikacheka, nikasema kumbe nimedhoofika kweli. Siku mbili alikula kama kawaida. Siku ya tatu walimchinja, na mimi nilisimama pale na watu wengine kutazama. Bucha alipopasua, ini lilimwagika mkononi mwake kama uji. Akasema nguruwe alikuwa mgonjwa, akatupa matumbo, akauza nyama. Hata maandazi tuliyokula sote mwaka mpya, Shuanglin akilegeza mkanda, yalikuwa ya nguruwe yule.

Kwa hiyo sikungoja barua yako nipate kujua, Baba Mdogo. Nilijua. Kutoka siku ya lile ini mpaka tarehe sita ya mwezi wa pili ni siku arobaini, na kila siku nilikula meza moja na Mwalimu, nikampa chumvi, akanipa kabichi, nikafungua mdomo nikasema jambo jingine.

Suozhu